Baada ya Meya Kutangazwa

Kila anaponiona nimefunga fremu siku ya kazi, nimejitanda khanga zangu za kutokea na daftari kwapani, kijana anayechomelea mageti jirani yangu huniuliza, "Mama, leo tena baraza la madiwani?" Namjibu leo tena. Juzi akaongeza swali ambalo sikumjibu vizuri kwa kuwa nilikuwa nawahi daladala: "Unafuata nini kule, mama, na meya wameshampitisha chamani hata kabla hamjaingia ukumbini?" Nilimwambia nitamwandikia, maana najua husoma humu. Basi mwanangu, kaa kitako usome.

Kwanza hilo la chamani ni kweli, sitalikwepa. Chama chenye madiwani wengi hukaa chenyewe, kikapiga kura chenyewe, kikatoka na jina moja. Mkija ukumbini mnakuta jina limeshaiva. Hata mimi Disemba 2020, baraza jipya lilipokaa kwa mara ya kwanza, nilijua jina la meya tangu jana yake, nililisikia saluni. Lakini sikwenda kwa ajili ya jina la meya. Nilikwenda kwa ajili ya lile boma.

Unalijua boma la zahanati, unapita pale kila siku. Ulikuwa mdogo tulipolichangia. Kila kaya ilitoa shilingi elfu kumi, asiyekuwa nazo akabeba mchanga ndoo kwa ndoo. Stakabadhi yangu ninayo mpaka leo kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo. Kuta zikapanda, zikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, zikaishia hapo. Mpapai ukaota katikati ya chumba ambacho kwenye mchoro kimeandikwa chumba cha kujifungulia, ukazaa, watoto wakawa wanaangua mapapai humo. Kina mama wa mtaa wetu wakaendelea kupakiwa bodaboda usiku, uchungu umeshika, kupelekwa mbali. Mmoja alijifungulia njiani, kwenye kibaraza cha duka la dawa lililofungwa. Khanga aliyofunikwa ilikuwa yangu. Manispaa yetu siitaji jina, sina nia ya kumchongea mtu.

Siku ile ya Disemba nilifika mapema. Mikutano ya baraza la madiwani iko wazi kwa kila mwananchi, isipokuwa pale baraza linapoamua kukaa kama kamati, na hapo ndipo wageni huombwa watoke. Watu wengi hawalijui hilo. Unajiandikisha getini, unakaa viti vya nyuma, hupigi makofi hovyo, huulizi swali. Unasikiliza tu. Nilimkuta mjumbe wetu wa shina ameshawahi kiti cha pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umekula? Hiki kikao cha mpaka jioni."

Nilikuwa nimefunga chapati mbili. Tukagawana.

Hakimu ndiye aliyewaapisha. Diwani mmoja mmoja aliitwa kwa jina na kata yake, wengine wakashika Msahafu, wengine Biblia, wakaapa. Wa kata, kisha wa viti maalumu. Wabunge nao ni wajumbe wa baraza, wapo. Mimi kwa kazi yangu macho yalikwenda kwenye majoho. Yale majoho si mapya; baraza likiisha yanarudishwa stoo, likija jingine yanatolewa. Diwani mmoja wa viti maalumu, mama wa makamo, mfupi, alivaa joho lililoshonewa mtu mrefu. Upindo ulikuwa umekunjwa kwa ndani na kubanwa kwa pini nne. Nilizihesabu alipopita. Nikawa naomba asikanyage akaanguka mbele za watu. Hakukanyaga. Alilishika kwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, mkono wa kulia umeinua Msahafu, na sauti haikumtetemeka.

Baada ya viapo, Katibu Tawala wa Wilaya alikalia kiti cha mwenyekiti kwa muda, kwa kazi moja ya kusimamia uchaguzi wa meya. Mkurugenzi yuko pembeni, yeye ndiye katibu wa baraza. Mgombea akaomba kura, akaulizwa maswali, karatasi zikagawiwa, sanduku likazungushwa. Kura ni ya siri, hata kama mgombea ni mmoja. Wakati wa kuhesabu kila karatasi ilikunjuliwa ikainuliwa juu: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Nilikuwa napiga vijiti kwenye daftari langu la vipimo, ukurasa wa pili kutoka kwa kipimo cha gauni la harusi. Zikatokea hapana mbili. Ukumbi ulinyamaza kidogo kwa kila moja, kisha ndiyo zikaendelea. Nakwambia mwanangu, zile hapana mbili nilizithamini. Kuna watu wawili mle ndani, chamani walishasema sawa, lakini walipobaki na karatasi na kalamu waliandika walichokiamini.

Meya akatangazwa. Akavishwa mkufu. Vigelegele, nyimbo, wapambe waliovaa sare ya kitenge wakamzonga kupiga picha, waandishi wakakunja stendi za kamera zao. Na hapo, hata vigelegele havijaisha, watu wakaanza kutoka. Viti vya nyuma vilikuwa vimejaa mpaka watu wamesimama ukutani. Baada ya nusu saa tulibaki mimi, babu mjumbe, na kijana mmoja aliyekuwa amelala.

Babu akaniuliza, "Twende?"

Nikamwambia, "Babu, bado kamati."

Akakaa.

Hapa ndipo pa kukujibu. Meya ni mmoja, na kiti chake ni kikubwa. Anaongoza baraza, na ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Fedha na Uongozi. Lakini baraza zima hukaa kikao cha kawaida kila robo ya mwaka. Kikao kimoja kila miezi mitatu, kata zote zinataka kusema. Unadhani boma la mtaa wetu litapata dakika ngapi? Kazi hufanyika kwenye kamati. Iko ya fedha, iko ya mipango miji na mazingira, iko ya kudhibiti UKIMWI ambayo huongozwa na naibu meya, iko ya uchumi, afya na elimu. Jambo likipita kwenye kamati, barazani linasomwa na kupitishwa. Likilala kwenye kamati, utalisikia redioni likiitwa changamoto mpaka mjukuu wako aoe.

Kwa hiyo aliyeshika kamati ya afya, mimi kwangu ni mkubwa kuliko aliyevaa mkufu. Na anachaguliwa wakati mmeshaondoka kwenda kula pilau.

Orodha za wajumbe zilisomwa. Kila kamati ikajitenga kona yake kuchagua mwenyekiti. Ile yetu ilikwenda kwenye dirisha la tatu, hatua chache kutoka tulipokaa. Hakuna kamera, hakuna wimbo. Majina mawili yalipendekezwa: kaka mmoja mwenye sauti kubwa, na yule mama wa pini nne. Kumbe alikuwa muuguzi mkunga, amestaafu. Alisema maneno machache sana. Alisema, "Mimi wodi ya wazazi nimekaa miaka mingi. Najua kinachokosekana kabla sijasomewa taarifa." Akashinda kwa kura moja. Moja! Nikamshika babu mkono, naye akaniambia pole pole, "Sasa andika jina lake kwenye hilo daftari lako."

Niliandika.

Marehemu baba yangu alikuwa karani wa masjala, na ndiye aliyenitia haya mapenzi. Alikuwa akitusimulia mwaka 1960, Dar es Salaam ilipopata meya wake wa kwanza Mwafrika, Sheikh Kaluta Amri Abeid. Baba alimpenda kwa sababu alikuwa mshairi, mtu aliyeandika kanuni za kutunga mashairi ambazo washairi bado wanazirejea. Alifariki 1964, na pale Arusha uwanja wa mpira una jina lake. Baba alikuwa anasema Kiswahili hakikukosea kutumia neno moja, diwani, kwa kitabu cha mashairi na kwa mtu wa baraza, maana yule mmoja alikuwa na zote mbili. Na kwamba ushairi una mizani na vina, ukikosea mizani kila msikilizaji anajua. Na baraza nalo lina kanuni za kudumu, ila wasikilizaji hawaji, ndiyo maana mizani inakosewa.

Tena baba aliishi wakati ambapo baraza halikuwepo kabisa. Mwaka 1972 yalipokuja Madaraka Mikoani, serikali za mitaa zilifutwa, kazi zikachukuliwa na maofisa wa serikali kuu. Huduma za miji zikazorota mpaka mwaka 1978 mabaraza ya miji yakarudishwa, na 1982 zikatungwa sheria ambazo halmashauri zetu zinazifuata mpaka leo. Na mimi mwenyewe niliishi Dar es Salaam isiyo na madiwani. Mwaka 1996 baraza la jiji lilivunjwa, ikaja Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja, ikakaa mpaka 2000. Nitasema haki: jiji lilisafishwa. Taka ziliondolewa, barabara zikachongwa, mpaka leo watu wa rika langu wanaikumbuka tume ile kwa wema. Lakini nilikuwa na shida ya kiwanja wakati huo, na nakumbuka nilivyozunguka. Ofisa huyu ananituma kwa yule. Hapakuwa na mtu wa kata yetu ambaye ningemwambia, "Ndugu, kura yangu uliiomba mlangoni kwangu, sasa nisikilize." Usafi niliupenda, na huyo mtu nilimkosa. Yote mawili ni kweli.

Halafu ikaja 2016. Ulikuwa shule wewe. Uchaguzi mkuu ulifanyika Oktoba 2015, meya wa jiji hakupatikana mpaka tarehe 22 Machi 2016. Karibu miezi mitano! Kikao kiliitwa kikaahirishwa, kikaitwa tena kikaahirishwa, wakagombania orodha ya wapiga kura, nani mjumbe halali na nani si mjumbe. Mwishowe pale Karimjee, ukumbi ambamo Bunge la Tanganyika huru lilikaa, kura zikahesabiwa: Isaya Mwita wa CHADEMA 84, mgombea wa CCM 67. Nilikuwa nje siku hiyo, kwenye kivuli cha miti, na sijawahi kuona watu wengi vile wakisubiri matokeo ya kura ambazo wao hawakupiga. Ndipo nilipojua kwamba watu wanajali. Hawaji tu kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna siku za kujali zaidi ya ile moja.

Baraza lile la jiji nalo halipo tena. Februari 2021 Rais Magufuli alilivunja, maana lilikuwa limekaa juu ya manispaa tano bila kuwa na eneo lake lenyewe, na Ilala ikapandishwa kuwa Jiji la Dar es Salaam. Tuendelee.

Yule mama wa pini nne sikumwacha. Nilihudhuria robo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya taarifa za kata diwani wetu alisimama akasoma taarifa ya kata yetu, na kila mara boma lilikuwemo kwenye mstari mmoja: "limefikia hatua ya lenta." Mara tatu mfululizo, maneno yale yale. Mara ya tatu nilimsubiri diwani nje, nikamwamkia, nikamwambia, "Baba, hiyo lenta imezeeka." Hakukasirika. Aliniambia fedha za mapato ya ndani hazitoshi, kila kata ina boma lake, na kamati ndiyo itakayosema lipi lianze. Akaniambia kamati itakuja ziarani.

Ikaja kweli. Ilikuwa asubuhi, jua limeshakuwa kali, magari mawili meupe, wataalamu na makabrasha. Tulijipanga wanawake wa mtaa, mpapai tulikuwa tumeukata siku mbili kabla. Wajumbe wakapita haraka haraka kama kawaida ya ziara, wanatazama juu kisha wanatazama saa. Yule mama yeye akaingia chumba cha kujifungulia, akasimama mlangoni. Akaweka kiganja ukutani upande huu, kiganja ukutani upande wa pili, mikono bado imekunja viwiko. Akatugeukia.

"Nani ana futi hapa?"

Mimi huwa sitoki nyumbani bila futi shingoni. Nikaivua nikampa. Akanirudishia ncha moja, "Shika hapo, mama fundi." Tukaivuta toka ukuta hadi ukuta. Sentimita 79.

Akamwita mhandisi. Hakupaza sauti. Alimwonyesha futi, akamwuliza, "Kitanda cha mgonjwa kinapitaje hapa? Mama akianza kutoka damu, nikitaka kumkimbiza kwenye gari, nimwinue mzegamzega?" Mhandisi akafungua mchoro. Kwenye mchoro mlango ulikuwa mpana. Tuliujenga sisi, kwa nguvu za wananchi, na fundi wetu alikuwa amezoea milango ya nyumba za kuishi. Hakuna aliyekuja kupima. Lenta ilikuwa imeshamwagwa juu ya mlango mwembamba, na siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu kuliona hilo, miaka yote ile. Kama bati lingefika mapema tungefungua zahanati yenye chumba cha kujifungulia kisichopitisha kitanda.

Nilitaka kulia, na sijui kama ni kwa uchungu au kwa shukrani. Yule mama alizungusha futi vizuri kwenye vidole vyake kama mtu wa kazi, akaniwekea kiganjani. Akasema, "Ahsante. Njooni kwenye kikao."

Tulikwenda, safari ile wanawake saba. Boma letu liliingizwa kwenye bajeti. Ukuta ulivunjwa, mlango ukapanuliwa, lenta ikamwagwa upya. Zege jipya bado linaonekana jeupe kuliko la zamani ukipita pale upande wa mfereji. Mwaka uliofuata likaezekwa. Siku bati la kwanza lilipopigiliwa nilikuwa nashona sare za shule, nikazima cherehani nikasikiliza nyundo.

Jambo jingine ambalo huwa nawaambia wateja wangu: meya anakaa miaka mitano, lakini naibu meya anachaguliwa kila mwaka, na kamati nazo hupangwa upya kila mwaka. Kila mwaka! Kwa hiyo kila mwaka nimekuwa nakwenda nikiwa na wasiwasi kama mwenye mgonjwa. Mwaka mmoja yule mama aliwekewa mpinzani mkali, nikaambiwa posho na safari ndizo zinazopiganiwa. Alipita tena. Mwaka uliofuata hakupita. Aliyeshika kiti baada yake ni kijana, mwanzoni nilimnunia, lakini nimeona anasoma makabrasha yake kabla ya kikao, anayawekea alama kwa kalamu nyekundu. Nimeliandika jina lake kwenye daftari, chini ya la yule mama. Na joho la mama yule nililipindia upindo mwenyewe, kwa mkono, bila malipo. Alikuja nalo kwenye mfuko wa rambo, tukaongea mpaka magharibi.

Sasa nimalizie na lako, mwanangu. Tarehe 27 Novemba 2024 tulichagua wenyeviti wa mitaa, na ulikuwa kwenye foleni, nilikuona. Wa kwetu ni mpya. Nimeshakwenda kumwona kwa sababu zahanati ina bati lakini haina milango wala nondo za madirisha, na ameniambia limo kwenye taarifa inayopanda kwenye kata. Ikitoka huko inakwenda kwenye kamati. Nawe una kikundi, mko vijana watano, mmesajiliwa. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023, imerudi: 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba. Na sheria ya manunuzi inatenga asilimia 30 ya zabuni kwa makundi kama lenu. Nondo za madirisha kumi na nne na milango sita, mmoja wao wa sentimita 120. Nimeshaupima.

Kikao ni Alhamisi, saa nne, lakini wahi saa tatu ili uandikishe jina getini. Vaa shati lenye kola. Nitakuwa nimekushikia kiti upande wa dirisha la tatu, na safari hii chapati nitafunga nne.